Mbwa na Mbwa Mwitu: Wakipendana Ukubwani Ndipo Ushangae

Video hizi hazikauki mtandaoni. Mbwa wa nyumbani amelala ubavu, mbwa mwitu aliyezaliwa ndani ya uzio ameegemeza kidevu mgongoni mwake, na watazamaji wanashika vinywa: kumbe mnyama yule naye ana moyo! Mshangao huo umebisha hodi mlango usio wake. Mbwa na mbwa mwitu kupendana wakiwa wachanga ni jambo la kawaida, kama watoto wa mtaa mmoja kucheza pamoja. Cha kushangaza ni kuwakuta bado wanapendana baada ya mbwa mwitu kuumaliza mwaka wa pili na kuingia wa tatu. Hapo ukichungulia nyuma ya pazia utamkuta mtunzaji aliyepanga umri, uzio, chakula na majira, akayafuata siku zote bila kuchoka.

Jina kwanza tuliweke sawa, maana Kiswahili kimewapa wanyama wawili jina moja. Mbwa mwitu ni yule wa savana mwenye mabaka na masikio ya mviringo, Lycaon pictus. Na mbwa mwitu ni huyu wa nchi za kaskazini, Canis lupus. Hapa anazungumzwa wa kaskazini. Yule wa mabaka ni wa ukoo wa mbali, hazai na mbwa. Huyu wa kaskazini na mbwa ni damu moja: hupandana, huzaa, na watoto wao nao huzaa. Kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, kaburi lililogunduliwa mwaka 1914 lilikuwa na mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Mbwa alikwisha kuwa mbwa wakati huo, ila kwa hesabu ya viumbe huo ni utengano wa juzi tu. Kwa hiyo wawili hawa hukutana kama binamu waliolelewa nchi mbili tofauti: wanasalimiana vizuri, wanakwama wakifika kwenye utani.

Kukwama huko kuliwahi kuhesabiwa. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichukua ishara 15 za mwili ambazo mbwa mwitu huzitumia kutishia au kukubali yaishe, wakaangalia mbwa wa aina 10 wamebaki na ngapi. Siberian Husky, anayefanana sana na mbwa mwitu, alikuwa nazo zote 15. Cavalier King Charles Spaniel, mbwa mdogo wa kupakatwa, alibaki na mbili. Sababu si ngumu kuiona. Mbwa aliyezaliwa na mkia uliojikunja juu ya mgongo huonekana amejitutumua hata akiwa na usingizi. Mwenye masikio yaliyoning'inia hana cha kulaza anapotaka kusema "nimekubali". Mwenye pua iliyobonyea hukoroma akipumua, na mwenzake anasikia mngurumo.

Ndiyo maana anayejua kazi hii hachagui mbwa kwa upole peke yake. Huangalia umbo: masikio yanayosimama, mkia unaoweza kushuka, pua ndefu. Huangalia pia uzito, kwa kuwa mbwa mwitu mzima mara nyingi huwa kati ya kilo 30 na 50, na mbwa wa chini ya kilo 25 yuko hatarini hata kama wanapendana. Mbwa wa kilo nane akiminywa mchezoni hupiga yowe na kutimua mbio. Kitu kidogo kinachopiga yowe na kutimua mbio huamsha jambo jingine kabisa kichwani mwa mwindaji, na mchezo hugeuka windo kwa nukta moja, pasipo hasira yoyote. Mbwa anapookotwa amekufa, mbwa mwitu huwa anamnusa na kumsukuma kwa pua kana kwamba anamwomba waendelee. Watu husema alimsaliti. Hakuna usaliti hapo. Aliyekosea ni aliyewapima kwa tabia akasahau mizani.

Mlango wa urafiki wenyewe hufunguka mapema na kufungwa mapema. Utafiti wa Kathryn Lord wa mwaka 2013 uliwalinganisha watoto wa pande zote mbili, ukakuta ratiba ya hisi ni ileile: kunusa wiki ya 2, kusikia wiki ya 4, kuona sawasawa wiki ya 6. Kinachotofautiana ni miguu. Mtoto wa mbwa mwitu huanza kutembea na kuichunguza dunia akiwa na wiki mbili, bado haoni na hasikii, pua peke yake ikimwongoza. Mtoto wa mbwa husubiri hadi wiki ya nne. Kipindi cha kuzoea viumbe wengine bila woga huchukua kama wiki nne kwa kila mmoja, hivyo cha mbwa mwitu huisha wakati cha mbwa bado kiko wazi. Ndiyo sababu Wolf Park ya Indiana, Marekani, kituo alichokianzisha Erich Klinghammer mwaka 1972, kilizoea kuwatoa watoto kwa mama wakiwa na siku 10 hadi 14 tu, halafu walezi wakakaa nao usiku na mchana. Ukichelewa hadi wiki ya tano, unaweza kumlisha kwa mkono mwaka mzima na bado atakukwepa.

Mbwa naye huingizwa katika siku hizohizo. Inatangulia harufu yake, kisha joto la mwili wake, sauti yake inafuata. Anayefaa ni mbwa mzima, mtulivu, hasa jike aliyefungwa kizazi, anayevumilia watoto wanaoning'inia masikioni mwake na anayejua kukaripia kwa mdomo bila kutoboa ngozi. Watu wengi hupendelea mtoto wa mbwa wa umri sawa kwa sababu picha zinapendeza. Hapo kuna mtego: wanaolingana mwezi huu hawatalingana mwezi ujao. Mtoto wa mbwa mwitu ametangulia kutembea na kung'ang'ania chakula, na mwenzake hufundishika kuwa mnyonge kabla hajapata meno ya kudumu.

Kwa mbwa mwitu mzima asiyewahi kumjua mbwa utotoni, hesabu ni nyingine kabisa. Porini huko Sweden, Norwei na Finland, mbwa wa uwindaji huuawa na mbwa mwitu, na wenye mbwa hao hawahitaji kusimuliwa juu ya upendo wa ajabu. Mbwa aliyeingia eneo la kundi ni mgeni wa aina yao asiyekaribishwa, na hukumu ya mgeni wa namna hiyo ni ileile anayopewa mbwa mwitu wa kundi jirani.

Wapo watakaomtaja Romeo. Huyu alikuwa mbwa mwitu mweusi aliyeonekana kando ya ziwa Mendenhall, Juneau, Alaska, kuanzia mwaka 2003, akija mwenyewe kutafuta mbwa wa watu ili acheze nao, majira ya baridi moja baada ya jingine, hadi alipopigwa risasi mwaka 2009. Hakufungiwa, hakulelewa kwa chupa. Kisa ni cha kweli na kimeandikwa mno. Lakini itazame hali yake: alikuwa peke yake, hana kundi. Kisa chake kinaeleza kile ambacho mnyama aliyeumbiwa kuishi na wenzake atafanya anapowakosa. Na hapo ndipo kinapowagusa walio kifungoni, maana upweke wa Romeo ulimkuta porini. Upweke wa mbwa mwitu aliye peke yake ndani ya waya umetengenezwa na mtu.

Je, tuite upendo? Sioni sababu ya kulionea neno hilo haya, mradi tuseme tunapima nini. Kituo cha Wolf Science Center kilichoanzishwa mwaka 2008, sasa kiko Ernstbrunn, Austria, kiliwahi kupima kitu kinachokaribia sana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, mbwa mwitu mmoja alitolewa kwenye kundi kwa matembezi ya dakika 45, na wahudumu wakahesabu ile milio mirefu ya waliobaki nyuma, kisha wakapima kortisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao. Waliobaki walilia zaidi pale aliyeondoka alipokuwa mkubwa wao au mwenza wanayempendelea kukaa naye. Kortisoli haikueleza tofauti hiyo. Mlio haukuwa kelele ya msongo tu. Ulikuwa wito, na ulikuwa na mwenyewe.

Upande wa mbwa kuna habari ya aina nyingine. Mwaka 2017 kundi la watafiti la Bridgett vonHoldt lilihusisha uchangamfu wa mbwa kwa watu na mabadiliko kwenye eneo la jeni GTF2I na GTF2IRD1, eneo ambalo kwa binadamu likipungua huleta hali ya Williams-Beuren, ambayo mwenye nayo humkumbatia kila mgeni. Ukiweka matokeo haya mawili kando kwa kando, picha ya urafiki huu inageuka. Mbwa hupenda kwa upana. Mbwa mwitu hupenda wachache, na kwa uzito. Kwa mbwa, rafiki yule wa ndani ya uzio ni mmoja kati ya kumi: ana mwenye nyumba, ana watoto, ana matembezi ya jioni. Kwa mbwa mwitu anayeishi peke yake, mbwa huyo ndiye kundi zima.

Kwa hiyo tabia ya kumleta mbwa siku moja kwa ajili ya kamera na kumwondoa jua likizama naiona ni ukatili uliopakwa sukari. Video huisha wakati mbwa anapanda gari. Kamera ingebaki palepale, ingemrekodi mwingine akizunguka kwenye waya, njia moja, mamia ya mizunguko, mpaka nyasi zinakufa chini ya miguu yake. Kama mbwa hawezi kuishi pale, basi ratiba iwe ya kudumu, saa zilezile kila siku, hata kama ni nusu saa ya kuonana kupitia waya. Hiyo inamfaa mbwa mwitu kuliko sherehe ya saa nne mara moja kwa mwezi.

Sasa tuje kwenye mwaka wa pili, maana hapa ndipo penye kazi.

Hadi miezi kumi na minane hivi, hata mbwa mwitu wa mtunzaji mzembe huwa mpole. Ni kijana bado. Anaomba chakula, analamba midomo ya wakubwa, anajilaza chali. Picha nyingi nzuri hupigwa wakati huo. Kisha anapevuka. Wengi hukomaa kijinsia wakikaribia miezi 22. Jike huingia joto mara moja tu kwa mwaka, kati ya Januari na Aprili kutegemea umbali kutoka ikweta. Dume naye ni wa majira: testosteroni, homoni yake ya kiume, hupanda kuanzia vuli, hukolea majira ya baridi, halafu hushuka. Mbwa hana kalenda hiyo. Jike wake huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, mwezi wowote ule, na dume wake yuko tayari mwaka mzima. Kwa pua ya mbwa mwitu, mbwa asiyehasiwa ni jirani anayepiga ngoma za harusi msimu wote.

Kinachofuata hakiji ghafla, ingawa kila anayepatwa husema kilikuja ghafla. Dume aliyekuwa akilala mgongo kwa mgongo na mbwa mwezi Agosti huanza, ifikapo Novemba, kutembea kwa miguu mikavu. Anamsimamia mbwa ubavuni na kuweka kidevu juu ya mabega yake. Anamgonga kwa nyonga wanapopita mlangoni. Anakojolea palepale mbwa alipokojoa, dakika hiyohiyo. Mbwa anaanza kukawia kuingia, anazunguka mbali, anakunywa maji mbwa mwitu akiwa amelala. Dalili hizi zinaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya damu. Mtunzaji mzuri hatishwi na mngurumo, unaoweza kuwa mazungumzo tu. Hutishwa na ukimya na mwili uliokakamaa. Akiuona, anawatenganisha usiku, anapunguza muda wa mchana, na kwa wengine anasitisha kabisa kukutana bila waya hadi masika. Kurudi nyuma miezi mitatu hakuvunji urafiki. Kushupalia ndiko kunakovunja.

Kuhasi husaidia, hakumalizi kila kitu. Mbwa mwitu aliyehasiwa anaweza bado kuwa na majira yake mabaya. Jozi inayodumu zaidi ni dume na jike, wote wakiwa wamehasiwa au kufungwa kizazi, ili kuepusha pia watoto chotara ambao hakuna kituo kina nafasi yao. Majike wawili wasichukuliwe kuwa ndio salama. Wakianza ugomvi, huwa hawauachi kirahisi.

Na hapa ndipo ushauri wa kijiweni huua mbwa: "Waache wamalizane, wajue nani mkubwa." Wazo hilo lina asili yake. Mtafiti Rudolf Schenkel aliandika mwaka 1947 juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na ugomvi wao wa vyeo ukachukuliwa kuwa ndio maisha ya mbwa mwitu. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kililisambaza sana neno alfa, yaani mkubwa wa kundi, aliandika mwaka 1999 kurekebisha: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na kijana akikua huondoka kwenda kuanzisha lake. Neno la kulishika ni hilo, kuondoka. Porini ugomvi huisha kwa mmoja kwenda zake. Ndani ya uzio hakuna pa kwenda, basi ugomvi ambao ungekwisha kwa kilomita ishirini za kutembea unaishia kwenye kona.

Kwa hiyo mjenzi ndiye anayeamua mengi kuliko mnyama. Kila eneo liwe na njia mbili za kutoka. Pasiwe na pembe kali ambapo mbwa anaweza kubanwa. Kona huzibwa kwa mbao au magogo ili ziwe za mviringo. Majukwaa ya kupanda yawe mawili au zaidi, maana likiwa moja litakuwa kiti cha kugombewa. Uzio wenyewe usipungue mita 2.4, wa waya mnene wa karibu milimita 3.7, sehemu ya juu ikiinamia ndani kwa nyuzi 45, na chini sketi ya waya imelazwa kuelekea ndani zaidi ya mita moja, kwa sababu mbwa mwitu huchimba akianzia palepale uzio unapogusana na ardhi. Malango yawe mawili mawili, la ndani lisifunguliwe kabla la nje halijafungwa. Wengi huweka kasoro hapa: wanajenga uzio imara halafu komeo linafunguka kwa kusukumwa na pua.

Chakula ndicho chanzo cha kwanza cha majeraha, na kosa huanzia kwa watu waliozoea mbwa peke yake. Mech alieleza kwamba mbwa mwitu, hata awe wa chini kiasi gani, ana eneo dogo kuzunguka mdomo wake, kama nusu mita, ambamo chakula ni mali yake na atakitetea hata mbele ya mkubwa. Watafiti wa Ernstbrunn walipowapa wanyama wawili wawili chakula kimoja, matokeo ya mwaka 2015 yaliwageuza watu vichwa: mbwa mwitu wa chini walithubutu kusogea, wakabishana na kula karibu na wakubwa, mbwa wa chini walikaa pembeni wakitazama. Mbwa mwitu ana adabu yake ya kubishana juu ya nyama, na meno yakitolewa nje bado ni maneno. Mbwa wa nyumbani, aliyekula kwenye bakuli lake tangu utoto, hajui kujibu maneno hayo. Ama anakimbia, ama anapigana.

Basi walishwe mbali, kila mmoja nyuma ya mlango wake, bila kuonana. Hilo wengi wanalijua. Wanalolisahau ni kwamba mbwa mwitu, anayeweza kumeza karibu kilo 10 kwa mlo mmoja, akishiba huzika mabaki. Anachimba kwa miguu ya mbele, anaweka nyama, anasukumia udongo kwa pua, na juu hapaonekani kitu. Siku ya tatu mbwa anapita, ananusa, anakwangua mara mbili, na rafiki yake aliyekuwa amelala mita thelathini mbali anakuja kama mshale. Kabla ya kuwakutanisha, mtu apite eneo zima na reki, aangalie hasa chini ya vichaka na kando ya magogo, na ahesabu mifupa iliyoingia na iliyotoka. Ukitupa nyama isiyo na mfupa ikaliwa yote mbele ya macho yako, kazi inapungua nusu.

Namna ya kuwakutanisha wakubwa, kwa mbwa mwitu aliyewajua mbwa utotoni, haina siri kubwa ila subira. Wiki ya kwanza ni ya harufu tu: blanketi la mbwa linaingia kwake, majani aliyolalia yanakwenda kwa mbwa. Baadaye waonane kupitia nyua mbili zenye nafasi katikati, halafu waya mmoja wenye matundu yasiyozidi sentimita tano, ili mdomo na mguu visipite. Vidole na ndimi hung'olewa kwenye matundu makubwa. Usihame hatua kwa kuhesabu siku. Hama pale wote wawili wanapoweza kulala karibu na waya, mmoja amempa mwenzake mgongo. Anayekupa mgongo amekuamini, na hiyo ni dalili bora kuliko mkia unaotikisika.

Siku ya kukutana, wote wawe wamekula saa chache kabla. Eneo lisiwe la mmoja wao, lisiwe na mpira, mfupa wala kijiti. Mbwa avuliwe kola. Hili lina sababu ya wazi: katika mchezo wa kushikana shingo, taya la mwenzake huingia chini ya kola, anajaribu kulitoa kwa kujigeuza, kola inajisokota, mmoja ananyongwa na mwingine anachanganyikiwa kwa maumivu ya taya. Marafiki wa kweli kabisa wameuana hivyo. Kamba nayo iwe imelegea au isiwepo. Kamba iliyovutwa humnyanyua mbwa kifua, naye anaonekana amekuja kwa shari. Watu wawe wawili, kila mmoja kwenye mlango wake, wakiwa na bomba la maji lenye shinikizo na ubao mpana wa kusukumia katikati. Mikono isitumike kamwe.

Kuita nako kuna ufundi wake. Watafiti wa Budapest walionyesha mwaka 2003 kwamba mbwa akishindwa na jambo humgeukia mtu na kumtazama usoni, ilhali mbwa mwitu aliyelelewa na watu vilevile huendelea kupambana na jambo lenyewe. Kwenye uwanja maana yake ni hii: ukipaza sauti, mbwa atageuka kukuangalia, na mwenzake hatageuka. Umemtoa mmoja macho kwenye hatari kwa sauti yako mwenyewe. Mbwa huitwa wakati mbwa mwitu ameshughulishwa na jambo jingine, na dakika kumi za mara ya kwanza hukatishwa wakiwa bado wana hamu.

Ukitaka kujua kama wanacheza, tazama sekunde kumi tu kwa makini. Mbwa mwitu anashusha miguu ya mbele hadi viwiko vinagusa nyasi, matako juu, mdomo wazi, masikio yameachana. Anaruka kando, hakuja moja kwa moja. Mbwa anamkimbiza, mwenye nguvu zaidi ndiye anayekimbia, na anapunguza mwendo kwenye kona ili afikiwe. Anaangushwa ambapo angeweza kusimama. Analala chali, meno yake yanashika shavu la mbwa na kuliachia, yanashika, yanaachia. Kisha wote wawili wanasita. Wanapumua, mmoja anajikung'uta kama aliyetoka majini, na anayeanza tena si yuleyule aliyeanza mwanzo. Kusita huko na kupokezana nafasi ndivyo vya kutafuta. Mchezo usio na kituo, ambao mmoja yuko juu kila mara, umekwisha kuwa kitu kingine hata kama hakuna aliyelia.

Magonjwa yapewe uzito wake, maana hapa anayemdhuru mwenzake zaidi ni mbwa. Katika kisiwa cha Isle Royale, Marekani, ambako mbwa hawaruhusiwi, ugonjwa wa parvo uliingia na mbwa, na mbwa mwitu wakashuka kutoka 50 mwaka 1980 hadi 14 mwaka 1982. Mbwa anayeandaliwa kwa urafiki huu akae karantini siku 30, apimwe choo, apewe dawa ya minyoo, akaguliwe upele, na chanjo zake za parvo, distempa na kichaa cha mbwa ziwe za karibuni. Chanjo ya kichaa cha mbwa nchini Marekani imeidhinishwa kwa mbwa, haijaidhinishwa kwa mbwa mwitu. Daktari anaweza kumchoma kwa busara yake, lakini siku akimng'ata mtu, mamlaka zinaweza kumhesabu kama asiyechanjwa, na mara nyingi hilo humgharimu maisha.

Wanaotetea jozi hizi hupenda kuitaja bustani ya wanyama ya San Diego, ambayo tangu miaka ya 1980 imewapa duma mbwa wa kuwaliwaza. Mfano ni mzuri kwa namna unavyofanywa: huanza wote wakiwa wadogo, hulala pamoja, na hutenganishwa wakati wa kula. Lakini duma ni mwoga kwa asili, na mbwa kazi yake ni kumwonyesha kwamba hakuna cha kuogopa. Mbwa mwitu haazimi ujasiri wa mbwa kwa namna hiyo. Anamhesabu kama mtu wa kundi, pamoja na madeni yote ya kundi. Kwa maoni yangu mbwa mwitu apewe mbwa mwitu mwenzake kila inapowezekana. Mbwa ni wa kumfaa yule ambaye haiwezekani: aliyelelewa na watu hata akakataliwa na wa kwao, mzee aliyebaki peke yake, au mlemavu asiyeweza kusimama mbele ya vijana. Kwa hao mbwa mtulivu ni neema.

Neema hiyo ina umri. Mbwa mkubwa wa mwili huzeeka akiwa na miaka 10 hadi 12, na mbwa mwitu anayetunzwa vizuri anaweza kufika 15, basi mara nyingi anayebaki ni mbwa mwitu. Watunzaji wazoefu hawauondoi mwili wa mbwa kwa siri. Humwachia mwenzake aunuse, wakati mwingine kwa saa nzima, ndipo wakauchukua akiwa anaona. Atalia milio mirefu kwa siku kadhaa, zaidi saa ile waliyozoea kukutana, na chakula atakiacha. Blanketi la marehemu hubaki ndani mpaka mwenyewe aache kulilalia. Mbwa mwingine haletwi majira ya baridi. Huletwa kiangazi, na huanzia mwanzo kabisa, kwenye harufu, upande wa pili wa nyua mbili.